Kadi ya harusi tunaipokea, ombi la cherehani tunalinyamazia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe jambo ambalo linanikaa rohoni tangu Novemba mwaka jana.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tandika, huu mwaka wa 16. Nashona sare za shule. Mwaka wangu una miezi miwili tu, Desemba na Januari. Hiyo kumi mingine ni kupunguza suruali na kubadilisha zipu.

Nyumbani nina daftari ambalo mume wangu analiita Benki Kuu. Nimeandika humo kila mchango niliotoa na kila tuliochangiwa: harusi, sendofu, misiba. Nilipokuwa mweka hazina wa harusi ya mtoto wa kaka yangu, kadi ya mtu mmoja ilikuwa Sh50,000 na ya wawili Sh100,000. Kundi letu la WhatsApp lilikuwa na watu 87. Jumapili saa 10 jioni kikao, Jumatatu asubuhi naweka orodha: aliyemaliza ana alama ya vema, aliyeahidi tu jina lake liko wazi kila mtu analiona. Aibu sikuwa nayo. Nilimpigia mtu simu hata akiwa amening'inia kwenye daladala. Walilipa, wengine kwa kukopa, na kama kuna aliyelalamika basi alilalamikia kwake.

Novemba ovaloki yangu ikafa. Kwa msiojua, ni ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa zisifumuke. Shati la mtoto wa shule bila ovaloki halimalizi muhula. Ilianza kuruka uzi, ikaja kukata uzi, siku moja ikalia kama kijiko kilichodondokea kwenye blenda, ikasimama. Fundi wa mtaani kwetu aliitazama dakika tano akasema, "Mama, hii basi tena, tafuta nyingine." Kariakoo nikaambiwa iliyotumika ni Sh850,000. Mezani nina jora mbili na oda za watoto 40.

Usiku nikakaa na simu. Naandika, nafuta. Kundi ni lilelile, wala halikuvunjwa, kila wiki tunatakiana Ijumaa njema, lakini vidole vilikuwa vizito kama vya mtu mwingine. Mwisho nikatuma: "Ndugu zangu, nina changamoto katika biashara yangu, naombeni mnishike mkono kwa chochote mtakachojaliwa ili nifikie malengo yangu."

Kimya. Tiki za bluu nazo zinaongezeka. Baada ya robo saa mmoja akaweka mikono miwili iliyokutanishwa. Mwingine akaandika, "Tupo pamoja dada." Binamu yangu wa Kimara akampigia mume wangu kuuliza kama simu yangu imeibiwa, maana ujumbe ulikaa kama wa wale matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Simlaumu. Aliyeniumiza ni mjomba. Alinipigia asubuhi: "Mambo ya biashara yako usituletee kwenye kundi la ukoo, watu watasema umefilisika." Mjomba huyohuyo nimeshamchangia mara sita, Benki Kuu inasema.

Ndiyo hoja yangu, Mhariri. Jiji hili linajua kuomba. Kwa ukumbi wa usiku mmoja tunaunda kamati, tunachagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, tunachapisha kadi, na hakuna anayemwona bwana harusi amefilisika. Cherehani itakayolisha nyumba miaka kumi, mwenyewe aitafute kimyakimya, na akishindwa aende kwenye mikopo ya kausha damu, wamfuate kuchukua televisheni mchana kweupe, majirani wakichungulia. Hapo aibu iko wapi?

Lakini nisijipendelee. Ombi langu lenyewe lilikuwa bovu. "Changamoto", "chochote", "malengo": mtu asome hayo ajue nataka elfu mbili, nataka kiwanja, au nataka kuombewa dua? Kadi ya harusi inataja kiasi, siku ya mwisho, namba ya kutuma na jina litakalotokea. Mimi, mweka hazina mzoefu, nilisahau yote kwa sababu safari hii mwenye shida nilikuwa mimi.

Nikabadili. Nikaacha kundi, nikampigia mmoja mmoja, na kila mtu nikamwomba kitu kimoja anachokiweza. Mwalimu tunayepanga naye nyumba moja nilimwomba aniulizie tu shule yao inaletewa sare na nani. Dada mmoja niliyekutana naye kwenye kamati ya chakula, ambaye urafiki wetu wote ulikuwa Jumapili tano za kubishana kilo za nyama ya pilau, nilimweleza mlio wa ile mashine, nikamuuliza kama anamjua mtu anayetengeneza mashine za viwandani. "Shemeji yangu si yuko kiwanda cha nguo Mabibo!" Aliniambia kana kwamba nilitakiwa kujua.

Shemeji alikuja Jumapili na mfuko wa vipuri. Akafungua kifuniko cha pembeni, akamulika kwa tochi ya simu, akacheka peke yake. Kile chuma kilichopinda kama kidole, kinachoupokea uzi wa sindano kwa chini, kilikuwa kimekatika ncha, na kipande kimenasa kwenye meno yanayosukuma kitambaa. Akakichomoa kwa koleo ndogo akakiweka kiganjani mwangu. Hakikuzidi punje ya mchele. Kipuri, ufundi na nauli yake, jumla Sh45,000. Kabla adhuhuri haijaadhiniwa mashine inaimba, na mimi bado nimeshika kile kipande, nawaza laki nane na nusu nilizotaka kuwatoa watu.

Binti yangu anasoma sosholojia Mlimani. Nilipomsimulia alisema habari hiyo iliandikwa tangu 1973 na Mmarekani mmoja, Mark Granovetter. Aliwauliza watu wa Newton, mji ulio karibu na Boston, waliopata kazi kupitia mtu, kwamba mtu huyo walikuwa wakionana naye mara ngapi. Wengi walisema mara mojamoja tu, au kwa nadra. Wachache ndio walisaidiwa na mtu wanayeonana naye kila mara. Eti watu wako wa karibu wanajua yaleyale unayoyajua wewe. Nilimwambia angeniuliza mimi. Ndugu zangu wote mafundi wanaowajua ni wa Tandika, wale wale ninaowajua mimi.

Dada wa pilau hakuishia hapo. Ndiye aliyenielewesha kuhusu mikopo ya manispaa isiyo na riba, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024, na mimi niliendelea kudhani ilishakufa. Nilikuwa napita mbele ya ofisi ya kata kila siku nikienda sokoni.

Mwezi uliopita tulikuwa na kikao cha kuvunja kamati ya harusi nyingine. Kabla ya bia na soda nikaomba dakika kumi, kila mtu aseme kitu kimoja anachotafuta, ila kiwe kitu mtu mwingine anaweza kukifanya ndani ya wiki. Walicheka, halafu wakaanza. Baba mmoja anamtafutia mwanawe pa kufanyia mafunzo kwa vitendo ya umeme. Kabla hajakaa, mtu wa meza ya pili akasema mlete Jumatatu. Mama mmoja anatafuta mtu wa kumsomea mkataba wa pango, akapata. Kijana mmoja alisema anatafuta mtaji wa milioni mbili, na sote tukaangalia dari. Nilimhurumia, maana nilimjua vizuri: ndiye mimi wa Novemba. Mwenyekiti akamuuliza, mtaji wa nini? Kumbe kijana anataka kuuza juisi ya miwa, na hajawahi hata kuuliza ile mashine ya kukamulia inakodishwa shilingi ngapi kwa siku. Akapewa namba ya mwenye mashine, Mbagala.

Kamati za michango ziko kila mtaa, na vikao vya kuvunja kamati havikosi wikiendi. Naomba dakika kumi hizo zitolewe kabla muziki haujafunguliwa.

Na kwa kuwa nimeshazoea, Mhariri, naomba na hapa. Tunaunda kikundi cha mafundi wa sare twende manispaa. Tumeambiwa tusipungue watano, na tumefika wanne, wote washonaji. Shule aliyotuulizia mwalimu inataka na sweta, na hakuna kati yetu anayejua kufuma. Kama kuna mama msomaji wako wa Temeke mwenye mashine yake ya kufumia na anayeamka mapema, aje Tandika sokoni aulize mafundi wa sare. Kabla ya mwisho wa mwezi.

Fundi cherehani,
Tandika, Dar es Salaam