Kwa mwanangu, kabla hujashika chaki

Mwanangu mpenzi,

Daftari lako la maandalio ya somo ulilisahau juu ya kabati, nami ninalituma kwa basi la kesho alfajiri pamoja na mfuko aliokufungia mama yako. Nilikusudia kulituma bila kulifungua, lakini nililifungua, na tangu juzi usingizi wangu umekuwa wa mang'amung'amu kwa sababu ya swali la tatu katika ukurasa wa Uwiano.

Swali lenyewe umelitunga vizuri, na limetoka katika kazi iliyotulisha sote humu ndani: mafundi 4 na vibarua 10 wamejenga ukuta na kulipwa jumla ya shilingi 1,000,000, na ujira wa fundi mmoja kwa ujira wa kibarua mmoja ni 5 kwa 3, je, kila mmoja atapata kiasi gani? Wewe umejumlisha 5 na 3 ukapata 8, ukawatengea mafundi 625,000 na vibarua 375,000, kisha ukagawa kila fungu kwa idadi ya watu wake. Fundi umempa 156,250 na kibarua umempa 37,500. Hebu zitazame namba hizo mbili zikiwa pamoja. Fundi wako amepata zaidi ya mara nne ya kibarua, ilhali swali ulilolitunga mwenyewe linasema 5 kwa 3, ambayo haifiki hata mara mbili. Ungelihakiki jibu kwa nusu dakika tu, ungeliona kosa kabla yangu.

Uwiano uliotolewa ni wa mtu kwa mtu, si wa kundi kwa kundi. Mafundi 4 wenye mafungu 5 kila mmoja wana mafungu 20, na vibarua 10 wenye mafungu 3 kila mmoja wana mafungu 30; jumla ni mafungu 50, na milioni moja ukiigawa kwa 50, kila fungu ni shilingi 20,000. Fundi apate 100,000 na kibarua apate 60,000. Ukiwatazama kwa makundi, mafundi wana 400,000 na vibarua wana 600,000, yaani 2 kwa 3, na uwiano umegeuka: wenye ujira mdogo ndio waliochukua pesa nyingi kwa pamoja, kwa kuwa wao ni wengi. Mtoto wa darasa la sita atashangaa hapo, na ninakuomba usimharakishe.

Najua utasema kwamba hao ni vibarua wa daftarini. Kibarua wako umempunja 22,500, na mimi ninamfahamu aliyepunjwa hivyo kweli. Jumamosi moja, kabla hujazaliwa, malipo yalipigiwa hesabu kama ulivyoipiga wewe, na mzee mmoja mchanganya zege akarudi jioni kusema kwa upole kwamba mgawanyo haumwingii akilini. Aliambiwa ashukuru kwa alichopata. Aliyemjibu hivyo ndiye aliyeshika bahasha za malipo, na jina lake limo katika cheti chako cha kuzaliwa. Jumatatu, hesabu iliporudiwa, wanne kati ya wale vibarua walikuwa wamekwisha kurudi kwao, na yule mzee alikuwa mmojawapo.

Sikuandikii kwa kukudharau. Katika ukoo wetu wewe ndiye wa kwanza kupata barua ya ajira ya serikali, na nimeionyesha kwa watu wengi kuliko ulivyonikataza. Swali la nne umelifanya kwa ustadi: vibarua 6 huchimba mtaro kwa siku 10, basi vibarua 15 watauchimba kwa siku 4. Ongeza swali moja tu, uwaulize watoto kama gharama itabadilika. Siku za kazi, yaani idadi ya vibarua mara idadi ya siku, ni 60 katika hali zote mbili, na kwa ujira wa 15,000 kwa siku malipo ni 900,000 vilevile. Akitokea mtoto akasema kwamba vibarua 60 hawawezi kuumaliza kwa siku moja kwa sababu watagongana majembe, usimnyamazishe, kwa kuwa nimesimamia mitaro na ninajua kwamba amesema kweli.

Swali la tano nalo ni sahihi. Umechukua kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma, kile ambacho Rais alikitangaza Singida siku ya Mei Mosi 2025, kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai, ukapata uwiano wa 37 kwa 50 na nyongeza ya asilimia 35 na kitu. Wengi wangeigawa 130,000 kwa 500,000, wakapata 26. Wewe ulijiuliza kwanza kwamba ni asilimia ya nini. Kwa nini basi katika swali la tatu hukujiuliza kwamba ni uwiano wa nani? Jambo hilo ndilo linaloniamsha usiku, kwa maana akili ya kuuliza unayo, ila huitumii ukiwa na haraka, na haraka hiyo hukuitoa mbali na nyumba hii.

Ukifika kwenye saa za ziada, kumbuka kwamba sheria ya ajira ya 2004 imeweka saa 45 kwa wiki, na saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu. Aliyefanya saa 45 na nyingine 6 za ziada ahesabiwe mafungu 54, asihesabiwe 51. Hapo pia uliza kwanza: fungu hili ni la nani, na ni la saa ipi?

Mama yako amekupigia simu mara tatu bila kupokelewa, tafadhali mpigie. Amekuwekea unga wa muhogo, dagaa na blanketi zito, kwa kuwa huko Sumbawanga unakokwenda kuna baridi ambayo wewe hujaizoea. Bati la jikoni nimeliziba, ila mvua ikizidi bado linavuja upande wa stoo. Msalimie mjomba wako, na usimwachie mkewe vyombo vyako avioshe.

Mkabala na swali la tatu nimebandika karatasi nyeupe, na penseli iko ndani ya daftari. Lifanye upya hapo Dodoma kabla ya kupanda basi, kisha unipigie unisomee namba zake, hata kama itakuwa usiku wa manane.

Baba yako