Ngazi za ndege na mama mwenye mtoto

Mhariri,

Nimesafiri kwa ndege peke yangu na binti yangu wa miezi 14 kwa mara ya kwanza. Mtoto wa chini ya miaka 2 hupakatwa. Hilo sina neno nalo. Shida ni ngazi. Kigari kimeshachukuliwa, mtoto mkono huu, begi la nepi mkono ule, mvua inanyesha: reli nishike na nini? Wahudumu walitazama tu. Aliyenipokea begi ni abiria, mzee wa watu, Mungu ambariki.

Ndege ilipoanza kushuka nilimnyonyesha, maana kumeza huzibua masikio. Hakulia. Nilielezwa na nesi wa kliniki, si shirika.

Mashirika yaweke mtu wa kutupokea pale chini ya ngazi.

Mama Msafiri,
Mwanza