Glisirini ya kupaka si ya kunywa

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu tunaotengeneza dawa za majani hapa Mwanza.

Wateja wangu wengi ni Waislamu na Wasabato. Dawa iliyolowekwa kwenye gongo hawaigusi hata uwaapie, kwa hiyo kivumbasi na tangawizi naviloweka kwenye glisirini. Vikiwa vikavu, vipimo vitatu vya glisirini kwa kimoja cha maji yaliyochemshwa yakapoa. Vibichi vina maji yake, hivyo nafunika kwa glisirini tupu. Vinakaa kabatini wiki nne hadi sita, natikisa kila siku, kisha nachuja. Maji yakizidi inachacha, na joto la Kirumba mnalijua.

Kinachonikera ni hiki: watu wananunua kile kichupa cha glisirini ya ngozi, chenye manukato, wanatengenezea dawa ya mtoto! Tafuteni iliyoandikwa kuwa ya chakula au ya dawa, kwenye duka la dawa linaloaminika, si ya kupimiwa kwenye dumu. Mwaka 2022 kule Gambia watoto wapatao 70 walikufa kwa figo kushindwa kazi, na dawa za kikohozi walizonywa zilikutwa na daiethilini glaikoli, sumu tamu ambayo kwa macho huwezi kuitofautisha na glisirini.

Halafu glisirini haivuti utomvu kama pombe. Anayekuuzia ubani uliolowekwa humo anakuuzia utamu tu.

Muuza viungo,
Kirumba, Mwanza