Shukrani kwa mzee wa msasa

Mzee wangu, jina lako sikuuliza, na hilo najilaumu. Ni wewe uliyechungulia dirishani mwa gari langu dogo la michezo la miaka ya 1960, ukaona saa ya dashibodi imeganda kwenye tisa na robo, ukacheka: "Hiyo haijafa, imechafuka tu."

Mafundi wawili walishanishauri niitupe. Wewe ulinieleza kuwa ndani mna springi ndogo. Ikilegea, platini mbili (vidoto vya chuma vya kupitishia umeme) hugusana, umeme hupita kwenye koili, yaani waya uliosokotwa, na sumaku yake huikaza springi upya. Tak! Kisha kimya kwa dakika moja hivi. Platini zikifanya weusi, umeme haupiti, saa inalala.

Nilifuata maneno yako: msasa laini kabisa, mpapaso mara mbili tatu, na tone la mafuta ya saa kwa ncha ya sindano. (Tone moja, ulisisitiza. Mkono uliniwasha kuongeza.) Siku hizi betri ikidhoofika nachomoa waya wa saa mapema, maana umeme dhaifu hushindwa kuzitenganisha platini, na zikigandana koili huungua.

Jana usiku nilizima injini nikakaa gizani kuisikiliza. Tak.

Ahsante sana, mzee. Ukiliona tena gari lile, gonga kioo.