Barua ya wazi kwa wanafunzi wa fasihi: sikilizeni mshororo wa kumi na moja

Wanangu wa kidato cha tano na cha sita, hamjambo?

Nimesoma majibu ya baadhi yenu kuhusu shairi la Mwingereza John Keats, "To Autumn", linaloyasemesha majira ya mavuno yanayotangulia baridi ya Ulaya, na nimeumia. Mnaandika aya ya fani: tashihisi ipo, taswira zipo, vina vipo. Kisha mnaandika aya ya maudhui: uzuri wa maumbile, kupita kwa wakati. Aya mbili zisizojuana. Alama mtapata, sikatai, lakini shairi lenyewe mtakuwa hamjalisoma.

Hesabuni mishororo. Kila ubeti una 11. Ode zake (mashairi ya kusifu au kukihutubia kitu) mashuhuri za majira ya machipuko ya mwaka huohuo wa 1819, ile ya "Nightingale" na ile ya "Grecian Urn", zinakwenda kwa beti za mishororo 10. Hapa kaongeza mmoja, na tazameni alipouweka. Katika ubeti wa kwanza, mshororo wa 9 unaishia na bees, wa 10 unaishia na cease. Vina vimekaribiana, na sikio lililolelewa na tarbia zetu linaona kituo kimefika. Na maneno yanasema nini papo hapo? Kwamba nyuki wanadhani siku za joto hazitakoma kamwe. Basi na ubeti nao haukomi! Unakuja mshororo wa 11: kiangazi kimejaza masega mpaka yanafurika. Sasa niambieni, hapo fani ni ipi na maudhui ni yapi?

Tafuteni pia kitenzi kikuu katika ubeti huo wote. Hamtakiona. Kuna kupakia, kubariki, kuinamisha matawi, kujaza, kuvimbisha. Mavuno yanarundikwa na sentensi haifungwi.

Ubeti wa pili ndio mnaoupigia mhuri wa "tashihisi" na kupita. Msipite. Msimu umekuwa mtu wa shambani: amekaa sakafuni ghalani upepo wa kupepetea ukimpeperusha nywele, amelala katikati ya mfuo usiomalizwa kuvunwa, mundu umeacha kukata, anatazama tufaha zikikamuliwa tone kwa tone, saa baada ya saa. Mvunaji huyu karibu hafanyi kazi. Halafu yupo kama mwokota masazo, ana mzigo kichwani, anavuka kijito. Keats anaukata mshororo kwenye keep (kushikilia), na Steady (imara) inaanza mshororo unaofuata. Someni kwa sauti: lazima mruke pengo bila kuyumba. Ninyi mliowaona mama zenu wakivuka mto na mzigo kichwani mnaijua shingo ile kuliko wachambuzi wengi.

Ubeti wa tatu nyimbo za machipuko zinaulizwa ziko wapi, na msimu unaambiwa usizifikirie, una muziki wake. Mawingu ya jioni yanayatia mashamba ya mabua rangi ya waridi, kisha ni sauti tu: vijidudu vya mtoni vinaomboleza, wana-kondoo wanalia, nyenje wanaimba, na mwishoni mbayuwayu wanakusanyika angani. Shairi halisemi wanakwenda wapi. Wanakimbia baridi, na mbayuwayu wa Ulaya huja huku kwetu Afrika. Neno baridi halikuandikwa, kinachotajwa kufa ni siku na upepo tu, si mtu, wala hakuna "mimi" anayelia popote katika beti zote tatu. Kwangu hiyo ndiyo nguvu yake kubwa.

Na hapa nawasihi. Wengi mmeandika kwamba Keats alikuwa mahututi kwa kifua kikuu akiaga dunia kwa shairi hili. Sivyo. Alilitunga katika mji wa Winchester, Uingereza, tarehe 19 Septemba 1819, siku ya Jumapili, baada ya matembezi. Siku mbili baadaye alimwandikia rafiki yake Reynolds kwamba mashamba yaliyokwisha kuvunwa, yenye mabua matupu, yalionekana kuwa na joto, akayapenda kuliko kijani chenye ubaridi cha machipuko. Damu ya mapafu ilimtoka Februari 1820, naye alifariki Roma Februari 1821 akiwa na miaka 25. Kifo alikijua, kwani alimuuguza mdogo wake Tom hadi akafa Desemba 1818, na yeye mwenyewe alisomea udaktari. Lakini huzuni ya shairi itafuteni kwenye vijidudu na mabua yale, msiichukue kwenye wasifu na kuibandika juu.

Msilipime kwa mizani zetu za nane kwa nane. Kiingereza hicho kinakwenda kwa mkazo, mipigo mitano kwa mshororo; gongeni meza mtaisikia.

Kazi ninayowapa: chukueni ubeti wa pili na wa tatu, mwangalie mishororo ya 9, 10 na 11. Vina vya jirani vipo tena. Andikeni ukurasa mmoja tu: ule wa 11 unachelewesha nini? Neno "fani" na neno "maudhui" yasionekane kwenye ukurasa huo.

Wenu,
Mwalimu mstaafu wa fasihi