Mtoto si mfuko wa makala

Bwana Mhariri,

Mimi nauza makala, yaani makaa ya kupikia, Katuba, hapa Lubumbashi. Mfuko ukifika umelegea, naukaza kamba mpaka usimame wima wenyewe. Nataja kazi yangu ili wasomaji waelewe nilivyomfunga mtoto wangu wa kwanza, usiku mmoja wa Juni, akiwa na wiki tatu.

Alikuwa halali. Akinyonya anasinzia, lakini mgongo ukigusa godoro tu, mikono inaruka juu kama ya mtu aliyekosa ngazi gizani, anajishtua mwenyewe, kilio kinaanza upya. Mke wangu alishafikia hatua ya kulala ameketi. Mimi saa tisa ya usiku lori linanisubiri. Basi nikachukua blanketi zito, nikanyoosha miguu ya mtoto, mikono nikaibana mbavuni, nikakaza. Akanyamaza. Nikajiona fundi.

Asubuhi akaja kusalimu mama jirani, mkunga mstaafu, ambaye hata mimi alinipokea nilipozaliwa. Akaingiza kidole nyuma ya shingo ya mtoto, kikatoka kimelowa jasho. "Huyu haiko mufuko ya makala, papa," akaniambia, akamfungua.

Aliomba kikwembe, yaani kitenge, chepesi cha pamba, kilichofuliwa mara nyingi. Kwa kuwa ni kirefu, alikikata kikabaki mraba wa mita moja na ushee. (Kilikuwa kizuri, na mke wangu bado anakililia.) Akakitandika pembe ikitazama juu, akaikunja pembe hiyo, mabega ya mtoto yakakaa kwenye mkunjo. Upande mmoja ukapita kifuani na kuingia chini ya mgongo, pembe ya chini ikapanda kwa ulegevu, upande wa pili ukafunika. Kifuani viganja vyangu viwili vya vidole vinene vya makala havikuingia, vikaingia vidole viwili tu, akasema ndicho kipimo. Chini, miguu ilibaki na nafasi ya kujikunja kama ya chura. Akamlaza chali, uso wazi, bila mto. Ule mruko wa mikono, alisema, watoto wote huzaliwa nao, na kati ya miezi minne na sita huwa umekwisha. Kikwembe kinaushika tu ili usimwamshe.

Usiku ule alilala saa tatu mfululizo. Mke wangu aliamka mara mbili kumwangalia kama anapumua.

Mama yangu alipofika kutoka Likasi, hakupenda ile miguu. Kwake mtoto hunyooshwa miguu na kufungwa ili asiwe na matege. Nilimweleza kwamba miguu ya mtoto mchanga hutoka tumboni imekunjwa, hunyooka yenyewe polepole, na kuinyoosha kwa nguvu kunaweza kuitoa nyonga mahali pake. Hakushawishika. Nikamsomea kwenye simu kwamba Wajapani walianza kampeni mwaka 1975 ya kuwaambia wazazi waache kuwafunga watoto wachanga miguu ikiwa imenyooshwa, na watoto wenye nyonga zilizoteguka wakapungua sana. Mama akauliza, "Kwani huko hawabebe batoto mugongo?" Nilicheka, lakini ana haki: mtoto aliye mgongoni ametanua miguu kiunoni mwa mama yake, na nyonga hupenda hivyo hivyo.

Jambo linalonifanya niandike ni baridi. Usiku wa Juni na Julai joto letu hushuka chini ya nyuzi 10, na miezi hiyo ndiyo mimi nauza vizuri. Wateja huniambia wazi: mfuko huu ni wa kupasha joto chumba cha mtoto. Mbabula, yaani jiko la makala, inaingizwa ndani, mlango unafungwa, mtoto amevikwa kofia, sweta na blanketi mbili juu ya kikwembe. Mimi ndiye ninayepata faida, kwa hiyo naomba nisikilizwe: moshi wa makala usioonekana, usio na harufu, huua familia nzima usingizini, na mtoto aliyefungwa hawezi hata kujifunua. Joto kupita kiasi peke yake linamweka hatarini. Mikono yake ikiwa baridi usiogope, gusa shingo au kifua. Pakiwa vuguvugu na pakavu, nguo zinatosha. Mbabula pikieni nje.

Katikati ya Agosti nilimkuta amejigeuza ubavu, kikwembe na vyote. Hajatimiza hata miezi mitatu. Mkunga alikuwa ameshanionya: akianza kujaribu kujigeuza, kufunga kumekwisha siku hiyo hiyo, kwa sababu akilala kifudifudi mikono imefungwa hawezi kuinua uso. Tukaacha. Siku nne zilizofuata sikujua naendesha lori la nani, maana mikono ilirudi kuruka, ingawa kwa nguvu kidogo. Siku ya tano akaupata mkono wake mdomoni, akalala nao.

Baba wa mtoto mmoja,
muuza makala,
Katuba, Lubumbashi