Kamati ya kumuaga mdogo wangu, hiyo milioni 5.6 mpeni mkononi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, najua wengi humo wanaandika mambo ya maji na barabara ila langu nalo linagusa familia nyingi siku hizi. Mimi ni muuguzi, mtu wa Tanga, Ngamiani kabisa, naishi Leipzig huku Ujerumani mwaka wa sita sasa. Desemba nakuja likizo wiki nne inshallah, tiketi nilikata toka mwezi wa saba maana ukisubiri mpaka Novemba bei ya Desemba huiwezi, na safari hii nakuja na kazi maalum, mdogo wangu wa mwisho anaondoka mwezi wa tatu kuja huku kusoma uuguzi kwa ule mfumo wao wa miaka mitatu wa kusoma huku unafanya kazi na unalipwa, wenyewe wanauita Ausbildung.

Sasa juzi napiga simu nyumbani naambiwa kamati ya kumuaga imeshaundwa. Mwenyekiti baba mdogo, mweka hazina shangazi, grupu la wasap lina watu sitini na kitu, kadi za mchango ziko kwa mchapaji, singo elfu hamsini, dabo laki moja. Kuna tenti, kuna emsii, kuna mziki na kuna keki itakayotengenezwa umbo la ndege. Nikauliza bajeti ni shingapi, nikaambiwa milioni 5.6. Nikauliza na yeye mwenyewe anaondoka na shingapi mfukoni? Kimya. Baadae shangazi ndo akasema, si anaenda Ulaya mwanangu, huko si ndo kwenye hela zenyewe.

Sikumjibu shangazi siku ile, nilikuwa naingia zamu. Ila nimelifikiria wiki nzima.

Siwalaumu, maana na mimi niliagwa hivohivo, nikavishwa shada, nikapigwa picha na watu ambao sijawahi kuongea nao, halafu nikafika huku Jumamosi usiku na euro mia moja na kitu. Mtu wa ofisi akanikabidhi funguo akaondoka. Nafungua mlango, nabonyeza swichi, kiza. Nikadhani umeme umekatika, si nimetoka nyumbani. Kumbe taa hamna, nyaya tatu tu zinaning'inia kwenye dari, aliyehama amehama na taa zake na jiko lake na sinki ya vyombo pia kang'oa kaenda nayo, na huku hilo ni jambo la kawaida kabisa, nyumba nyingi ukipanga unakabidhiwa kuta. Nililala juu ya koti. Asubuhi Jumapili natoka kwenda kununua balbu na mkate, maduka yote yamefungwa, Jumapili huku maduka mengi hayafunguliwi, labda ya stesheni ya treni na machache mengine, na mie hata sikujua stesheni iko upande gani. Chapati za mama nilizobeba ndo nilikula siku mbili, za baridi, na karanga.

Hayo ya taa nacheka nayo sasa hivi. Ambayo sikucheka ni ya dipoziti. Huku mwenye nyumba anaruhusiwa kukudai mpaka kodi ya miezi mitatu kama dhamana, unarudishiwa siku ukihama kama hujaharibu. Chukua chumba na sebule cha kawaida tu euro 450 kwa mwezi, dhamana inakuwa 1,350, weka na kodi ya mwezi wa kwanza unapata 1,800, zidisha kwa shilingi elfu tatu kila euro kwa hesabu ya harakaharaka, milioni 5.4. Wanakamati naomba muiangalie hiyo namba halafu muangalie na bajeti yenu. Inabaki laki mbili, hiyo basi fanyeni keki. Na jingine, sheria yao inakuruhusu dhamana uilipe kwa mafungu matatu ya mwezi mwezi, mie sikujua na hakuna aliyeniambia, nilikopa kwa dada mmoja wa Kikenya nikatoa yote kwa mpigo na deni lile lilinikalisha miezi saba bila kutuma hata senti nyumbani, watu wakaanza kusema nimebadilika.

Mdogo wangu ameambiwa na hiyo shule yake kuna hosteli ila nafasi haijathibitishwa mpaka leo, kwa hiyo mie nahesabu kama haipo.

Mshahara nao huku unalipwa mwisho wa mwezi, na wa kwanza mara nyingi unakuja umekatwa vibaya. Iko hivi, ukifika una wiki mbili za kwenda kujiandikisha ofisi ya manispaa kwamba unaishi nyumba namba fulani, unaenda na karatasi aliyosaini mwenye nyumba. Ukishajiandikisha ndo namba ya kodi ya mapato inakuja kwa posta. Bila hiyo namba muajiri anaweza kukukata kwa daraja la sita la kodi ambalo ndo kubwa kuliko yote. Mie namba yangu haikuja, nikasubiri, mwezi ukaisha nikakatwa, nikaenda kulalamika. Kumbe barua ilitumwa ikarudishwa, kwa sababu huku posta haangalii namba ya mlango, anaangalia jina kwenye kisanduku cha barua pale chini, na mie kwenye kisanduku changu bado kulikuwa na jina la mtu aliyehama na sinki yake. Bibi mmoja wa kizee jirani ndo alinionesha, akanipa na kipande cha karatasi na selotepu nikaandika jina langu. Kitu cha selotepu Mhariri! Kilinigharimu karibu robo ya mshahara, hela ilikuja kurekebishwa baadae sana.

Sasa kwa wauguzi wenzangu ambao tayari mna stashahada zenu na mnataka kuja kama wauguzi kamili, nyie kitu cha kwanza sio paspoti, nendeni chuoni mlikosoma mkadai karatasi inayoonesha saa, yaani somo hili saa ngapi darasani, wodi hii saa ngapi za vitendo. Bila hiyo huku hawawezi kulinganisha masomo yako na ya kwao, na wakikuta pengo unapelekwa kozi ya kujazia au unafanya mtihani, na muda wote huo unafanya kazi ya usaidizi kwa mshahara wa msaidizi. Mimi chuo changu kilinizungusha miezi mitano, mara muhusika kasafiri, mara muhuri hauonekani, na mie niko huku, mama yangu ndo anapanda bodaboda kwenda na kurudi. Ungekuwa uko nyumbani unakaa pale kwenye benchi mpaka wakuchoke.

Na lugha jamani. Wajerumani walivyokaa kwetu hawakutuachia maneno mengi ila mawili tunayatumia kila siku, shule na hela, yote yametoka kwao, hela ni ile sarafu yao waliyoiita heller. Ukiangalia ndo mpangilio wenyewe wa maisha ya huku, shule kwanza hela baadae. Kijerumani kinapimwa kwa ngazi, B1 ya kati ndo ya kuanzia, na shule nyingi za uuguzi zinapenda B2 ya juu yake. Mdogo wangu mtihani wa B1 alianguka kuandika akapita kusoma, kusikiliza na kuongea, na uzuri wake unarudia kile kipande ulichoanguka tu, sio mtihani mzima. Alilia siku mbili akarudia akapita. Nyumbani hawakujua, kamati ilikuwa bado haijaundwa.

Kuhusu mabegi. Mama ameshaanza kunitajia vitu vya kumbebesha, samli, nyama ya kukausha, machungwa ya Muheza, embe. Mama naomba usome hapa maana kwenye simu huwa hunisikilizi: nyama na vitu vya maziwa kutoka kwetu haviingii Ulaya, samli imo humohumo. Matunda nayo bila cheti cha ukaguzi wa mimea hayapiti isipokuwa matano tu, nanasi, nazi, ndizi, tende na doriani. Kwa hiyo nazi sawa, embe hapana, nani alipanga hivo sijui ila ndo hivo. Mwaka juzi pale uwanjani Dar nimesimamishwa kwenye mizani begi limezidi kilo nne, nimepiga magoti sakafuni natoa vitu mbele ya foleni nzima, na cha kwanza kutoka ni mchi wa kinu. Mchi! Sijui aliuweka saa ngapi, na kinu chenyewe hamna. Makoti ya baridi pia msimnunulie, hayo ya mitumba mnayoyaona yametoka hukuhuku, aje na sweta mbili mengine tutatafuta.

Kwa mlioko huku tayari na mnajiandaa kuja kusalimia Desemba kama mimi, nina moja tu. Angalieni kadi ya ukaazi inaisha lini. Mwenzangu kazini, Mkenya wa Bungoma, alifiwa, kadi yake ilikuwa haijatoka kapewa ile karatasi ya muda, akakata tiketi akaenda kuzika. Kurudi anazuiwa kaunta ya ndege. Kumbe ile karatasi ina viboksi, kuna kiboksi kikitiwa alama unaweza kutoka na kurudi, na kuna kingine kinakuruhusu kukaa tu humu ndani, ukitoka umetoka. Yeye alitiwa hicho cha pili. Alianza upya viza ya kuingia, wiki nane, kazini likizo yote ikaliwa na nyingine bila malipo. Kiboksi hicho ni kidogo kama punje ya mchele na maelezo yako kwa Kijerumani cha ofisini, hata mwenye B2 anakipita.

Magazeti yetu nayo mkiandika habari za ajira za nje muwe mnaandika na haya, sio mshahara peke yake. Mshahara kila mtu anaujua, hata mtoto wa darasa la tano pale mtaani kwetu atakutajia muuguzi wa Ujerumani anapokea ngapi.

Nirudi kwenye kamati. Sisemi msimuage. Pikeni pilau nyumbani kwa mama, majirani waje, masheikh waombe dua, mtu asafiri na baraka za wazee wake. Tenti tunayo ya msikiti, emsii awe baba mdogo mwenyewe maana hata tukikodi mwingine atamnyang'anya maiki. Michango inayobaki ibadilishwe euro, shangazi amkabidhi mkononi mbele ya watu kama anavotaka, ipigwe picha, mie nitalipia hata mpiga picha.

Ila nakuomba Mhariri barua hii ikiwezekana itoke kabla ya Jumapili ya mwisho wa mwezi ndo siku ya kikao. Baba mdogo analisoma gazeti lenu kila asubuhi kwa kinyozi, kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka matangazo ya vifo, na jambo likiwa limechapishwa humo hulibishi. Nikimpigia simu mimi ataniambia Ulaya imenifanya bahili.

Mtu wa Ngamiani,
Leipzig